Mshororo wa Nne Unaitwa Kakule

Wanangu, litamkeni polepole jina la kijiji chetu, mkikunja kidole kimoja kwa kila pigo la sauti. Ka-su-gho. Vidole vitatu. Haya, Butembo: Bu-te-mbo, vitatu tena. Lubero vitatu. Beni viwili tu. Basi mmekwisha kuanza kupima mizani. Kazi hiyo hiyo waliifanya washairi wa Pate, Lamu na Mombasa tangu karne ya 18 na kabla yake, na ninyi mmeifanya bila kaye wala biki.

Mizani ni hesabu ya silabi katika mstari wa shairi. Ndiyo inayoupa mstari mwendo, ukatembea badala ya kujikwaa. Kiswahili kinampendelea mwenye kuhesabu, kwa sababu irabu zake zote zinasikika. Shuleni mmefundishwa mashairi ya Kifaransa na mmekutana na mstari unaoitwa aleksandrini: silabi 12, pumziko baada ya ile ya sita. Anayeusoma sharti ajue ni -e ipi inatamkwa na ipi inamezwa, na hapo wengi huchanganyikiwa. Kiswahili hakimezi irabu. Kinande chetu nacho kina njia yake: sauti hupanda na kushuka, na kupanda na kushuka huko hubeba maana. Kwa hiyo masikio yenu yamezoea kazi tangu mkiwa mgongoni mwa mama. Mtunzi hahitaji mtaji mwingine wa kuanzia.

Kuna jambo moja linalowasumbua vijana wa huku, nalo ni ile herufi m. Pwani huandika mtoto, mti, mteremko. Sisi nyumbani twasema mutoto, muti, muteremuko, na mwalimu hutusahihisha. Kwa maandishi sanifu mwalimu yuko sawa. Lakini sikilizeni kwa sikio la mshairi. Mtoto wa pwani ana mizani tatu, m-to-to, na mutoto wetu ana tatu vilevile. Mteremko una tano, na muteremuko una tano. Hata nchi, inayoonekana fupi ikiandikwa, ina mizani mbili, na sisi tunaosema inchi tunazisikia zote mbili waziwazi. Mkiwa na shaka kama m fulani inahesabiwa, litamkeni neno kama mnavyolitamka jikoni kwa mama. Ikigeuka mu, ihesabuni. Ikibaki imebanana na herufi inayoifuata, kama katika mbuzi au mbegu, iacheni. Kiswahili chetu cha Kivu, ambacho wengine hukicheka, kinatusaidia kusikia mizani ambayo maandishi yanaificha. Hilo nataka mlikumbuke kila mara mtu anapowaambia kwamba ushairi wa Kiswahili ni mali ya watu wa bahari.

Sasa tuingie ndani ya shairi lenyewe. Shairi linalotungwa zaidi kuliko mengine linaitwa tarbia. Kila ubeti una mistari minne, na mstari huo huitwa mshororo. Ili msiisahau mishororo hiyo, ipeni majina ya nyumbani kwetu. Sisi Wanande tunawapa watoto wa kiume majina kwa zamu ya kuzaliwa: Paluku ni wa kwanza, Kambale wa pili, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne. Mshororo wa kwanza, unaoitwa mwanzo, ni Paluku: anatangulia na kufungua mlango. Wa pili, mloto, ni Kambale, anayefuata nyayo za kaka yake. Wa tatu, mleo, ni Kasereka, na mara nyingi yeye ndiye anayeleta jambo jipya. Wa nne ni Kakule. Huyu ana tabia mbili. Akirudi vilevile katika kila ubeti, huitwa kibwagizo au kiitikio, na wasikilizaji wote humpokea kwa pamoja. Akibadilika kila ubeti, huitwa kimalizio. Shairi la mishororo mitatu tu huitwa tathlitha. Kakule hajazaliwa bado. La mitano huitwa takhmisa, na wa tano mnamjua ni Katembo.

Nimewatungia ubeti mmoja wa tarbia ili tuufungue pamoja:

Asubuhi ni ukungu, umefunika kilima,
Silioni shamba langu, wala mlango wa mama,
Njoo jua, ndugu yangu, panda upesi, simama,
Kasugho, kijiji changu, nikuone nikilima.

Hesabuni mshororo wa kwanza. A-su-bu-hi-ni-u-ku-ngu: 8. Hapo pana pumziko dogo. U-me-fu-ni-ka-ki-li-ma: 8 nyingine. Jumla 16, na mishororo yote minne iko hivyo. Kipande cha kwanza cha kila mshororo kinaitwa ukwapi, cha pili kinaitwa utao. Tazameni sasa silabi ya mwisho ya kila ukwapi: ukungu, langu, yangu, changu. Zote zinaishia na -ngu. Silabi ya mwisho ya kila utao ni -ma. Silabi hizo zinazofanana huitwa vina: vina vya kati na vina vya mwisho. Ubeti wa pili ukiendelea na -ngu na -ma, na wa tatu pia, mpaka mwisho, shairi hilo tunaliita mtiririko. Vina vikibadilika ubeti hadi ubeti, ni ukaraguni.

Vina vya -ngu ni vya anayejifunza, kwa sababu wangu, yangu, langu na changu zipo tele. Mkishaweza hivyo, tafuteni vina vinavyowalazimisha kufikiri. Jaribuni -gho, muone. Kutafuta kina kigumu humpeleka mtunzi kwenye neno ambalo hakuwa na nia ya kulitumia, na mara nyingi neno hilo huwa na nguvu kuliko lile alilolipanga.

Mnaweza kuniuliza, masharti yote haya ya nini? Yalitoka kwenye kusikiliza. Mashairi hayo yaliimbwa, yakasomwa kwa sauti, yakabebwa kichwani kutoka mji hadi mji. Mtu aliyesahau neno moja alikumbushwa na kina, na aliyeruka silabi mbili alikamatwa na mizani kabla hajafika mwisho wa mstari. Kibwagizo kiliwapa wasikilizaji nafasi ya kuingia. Ninyi mnaoimba kwaya mnaijua vizuri kazi ya kiitikio: anayeongoza anavuta pumzi, na kanisa zima linafanya kazi yake.

Mombasa aliishi mshairi aliyeitwa Muyaka bin Haji, aliyefariki karibu mwaka 1840. Kabla yake, sehemu kubwa ya tungo zilizohifadhiwa ni za dini. Yeye alitunga juu ya mapenzi, biashara, njaa, hata ugomvi wa watawala wa Mombasa na wale wa Zanzibar. Wataalamu husema aliutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni. Nampenda kwa sababu hiyo. Sokoni kwetu, siku ya gulio, kuna mashairi yanayotembea na viazi mgongoni, na hakuna anayeyaandika.

Umbo la pili mnalopaswa kulijua ni utenzi, ambao watu wa kaskazini mwa pwani huuita utendi. Huu ni wa kusimulia. Mshororo wake ni mfupi, mizani 8 tu, bila kipande cha pili. Ubeti una mishororo minne: mitatu ya kwanza ina kina kimoja, na wa nne una kina chake, ambacho kinarudi mwishoni mwa kila ubeti tangu mwanzo wa hadithi hadi mwisho, hata kama beti ni mia tano. Kina hicho ndicho kinachozishika beti zote zisitawanyike. Sikilizeni mbili:

Mama alienda soko,
kabeba kamba, mfuko,
kashuka mteremko,
jua likimwangazia.

Alifika ni mchana,
wauzaji wabishana,
bei zikipandishana,
mama akawachekea.

Soko, mfuko, mteremko, kisha -a. Mchana, wabishana, pandishana. Kisha -a tena. Mnaona pia nimeandika kabeba na kashuka mahali pa akabeba na akashuka. Nimekata silabi ili mizani ikae sawa. Huko kunaitwa inkisari. Kurefusha neno kwa sababu hiyo hiyo kunaitwa mazida. Desturi ya ushairi inamruhusu mshairi kufanya hivyo, lakini ruhusa hiyo itumiwe na mtu anayejua neno kamili likoje.

Tendi za kale zilikuwa ndefu, zikisimulia vita, mitume na mashujaa. Ile inayonigusa zaidi haina vita. Mwaka 1858 mwanamke wa Pate, Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utendi. Anamwita mtoto akae karibu na karatasi na wino, kisha anampa mashauri ya maisha: dini, adabu, ndoa, namna ya kuishi na watu. Baadhi ya mashauri hayo msichana wa leo atayapinga, na ana haki. Lakini tazameni alichochagua mama huyu alipojua siku zake zinakwisha. Aliyaweka maneno yake ndani ya mizani 8, na kwa sababu hiyo yamefika mpaka kwetu. Karibu miaka mia baadaye Shaaban Robert wa Tanga alifanya vivyo hivyo kwa watoto wake: Utenzi wa Hati kwa binti, Utenzi wa Adili kwa mwana wa kiume. Na hapa kwetu, wazee walipokaa na vijana katika kyaghanda, nyumba yetu ya baraza, hawakutoa mashauri makavu; walitumia methali, vitendawili na hadithi, ili neno lipate mahali pa kushikilia kichwani.

Umbo peke yake halitoshi. Mtu anaweza kuhesabu 16 bila kosa, vina vyake vikalia vizuri, na shairi likawa tupu. Kinacholijaza ni namna ya kuona, na hapo ndipo zinapoingia tamathali za usemi.

Rudini kwenye ubeti wa ukungu. Nimeliita jua ndugu yangu, nikaliambia lipande na kusimama. Jua halina miguu. Kukipa kitu kisicho mtu tabia ya mtu kunaitwa tashihisi, na wengine husema uhuishaji. Ukungu uliofunika kilima mmeuona kwa macho ya ndani: hiyo ni taswira. Na kama ningesema mama alilowa chapachapa, neno hilo la mwisho lingewafanya mhisi nguo inavyogandana na ngozi. Maneno ya namna hiyo huitwa tanakali za sauti. Lugha zetu za Kibantu zina utajiri mkubwa wa hayo. Waulizeni wazee wenu yale ya Kinande, muyaandike kabla hayajapotea.

Tamathali mbili zinazochanganywa sana ni tashbihi na sitiari. Nikisema, "Maneno ya nyanya ni machungu kama gome la kinkina," nimelinganisha. Neno kama liko pale, na nyanya na mti kila mmoja anabaki alivyo. Hiyo ni tashbihi. Nikisema, "Nyanya ni kinkina," nimeondoa kama, na sasa nyanya mwenyewe ndiye mti. Hiyo ni sitiari, na ina kazi kubwa zaidi kwa msikilizaji. Anayejua kinkina anajua gome lake ni chungu mno, na anajua pia kwamba ndilo linalotoa dawa ya malaria. Kwa maneno matatu nimemwambia kwamba nyanya anakemea, kwamba kukemea kwake kunauma, na kwamba kunaponya. Sikusema hata moja kati ya hayo.

Mwanafunzi wa milima hii anapoandika shairi lake la kwanza, mara nyingi hujaza mashua, mawimbi, minazi na upepo wa kusi, kwa sababu ndivyo alivyosoma. Hajawahi kuiona bahari. Simlaumu, mtu huanza kwa kuiga anachokipenda. Lakini minazi ilikuwa sitiari ya watu wanaolala chini ya minazi. Sisi tunalala chini ya ukungu. Tunayo kahawa inayokauka juu ya mikeka. Tuna barabara inayogeuka tope hadi lori likalala siku kadhaa. Tuna chukudu, ile baiskeli ya mbao inayoshuka na mzigo uliomzidi mwenyewe. Tuna msitu wa Tayna na gorila wake, na kijijini mwetu chuo kikuu kizima kimejengwa kwa ajili ya kufundisha hifadhi ya viumbe. Kiswahili kimefika hapa na kinangoja kupewa vitu hivyo na mshairi wa hapa.

Na msidhani mtakuwa wa kwanza kutoka bara. Mathias Mnyampala, aliyezaliwa mwaka 1917, alikuwa Mgogo wa Dodoma, mbali sana na bahari, na lugha ya nyumbani kwake haikuwa Kiswahili. Ndiye aliyeikuza ngonjera: shairi la watu wawili au zaidi wanaojibizana mbele ya watu, mmoja mjinga wa jambo, mwingine mjuzi, mpaka wakapatana. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, lililotangaza siasa ya ujamaa, ngonjera zilienea katika shule za Tanzania kote.

Euphrase Kezilahabi naye alizaliwa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria. Mwaka 1974 alitoa diwani iitwayo Kichomi, na ndani yake mashairi mengi hayakuwa na vina wala mizani. Palizuka mabishano makali. Wanajadi walisema shairi lisilo na vina si shairi. Wanamabadiliko walijibu kwamba pumzi ya shairi iko katika fikra na picha zake. Walibishana miaka mingi, vitabuni na magazetini. Mimi nasema jifunzeni kwanza kuhesabu, kisha muwe huru kuacha kuhesabu. Na anayeacha asidhani kazi imepungua. Vina vikiondoka, kila picha inabidi isimame kwa miguu yake. Huu hapa ni mfano wangu wa shairi huru:

Godoro moja,
kamba mbili,
watoto watatu juu ya pikipiki.
Ufunguo wa mlango
umo mfukoni mwa baba.

Mmenyamaza, kwa hiyo mmeelewa. Halina neno vita. Halina neno kukimbia, wala huzuni. Wengi wenu mmeiona pikipiki hiyo ikipita, na wengine mlikuwa juu yake. Mtu akiandika "vita ni vibaya sana", hakuna atakayebisha na hakuna atakayekumbuka. Ufunguo unasema zaidi, kwa sababu ufunguo ni wa mtu anayetumaini kurudi. Na kama mlisikiliza vizuri, mlisikia moja, mbili, watatu: hata shairi huru linaweza kuficha hesabu yake ndani.

Kuna wakati mshairi hawezi kusema wazi, na hapo hutumia fumbo. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya karatasi aliyoandika kuikosoa serikali ya Kenya, akatoka mwaka 1972. Gerezani alitunga mashairi akiyaandika kwenye karatasi za msalani, na yalitoka mwaka 1973 katika kitabu Sauti ya Dhiki. Mojawapo linaitwa Mamba. Ukilisoma juujuu, ni mnyama wa mtoni anayejiona bwana wa maji yote. Ukiuliza mamba huyo ni nani, unaanza kuelewa kwa nini mtu mwenye nguvu anaweza kuliogopa shairi la mnyama. Lingine linawapambanisha watu wawili wanaogombania mnazi mmoja, Alii na Badi, kila mmoja na hoja zake, na msomaji anaachwa aamue mnazi ule ni nchi gani. Muwe waangalifu hapa. Fumbo linahitaji ganda ambalo ni kweli lenyewe. Mamba yule ni mamba kweli, ana meno na mto. Anayeandika mnyama wa uongo ili tu afiche jina la mtu, hana fumbo wala mnyama.

Kazi yenu ya Jumamosi ni majibizano. Mjigawe makundi mawili. Kundi la kwanza ni Kambale, anayetaka kupanua shamba kuelekea msituni, na hana ubaya, ana watoto wa kulisha. Mshororo wake wa kwanza nawapa: "Nitakata mti huu, nipande viazi vyangu." Hesabuni, ni 8 na 8. Kundi la pili ni gorila wa Tayna, anayemsikia kutoka ndani ya majani. Ajibu kwa vina hivyo hivyo, -u katikati na -ngu mwishoni, beti tatu kwa kila upande, na Kakule wa pande zote mbili awe mmoja. Mshororo huo wa nne mtautunga pamoja kabla ya kutengana, maana sharti uwe neno ambalo Kambale na gorila wote wawili wanaweza kulisema.